Maziwa hayajajaa siku ya pili

Hongera kwa kujifungua, dada. Unauliza kama hayo matone ya njano yanamaanisha huna homoni ya maziwa. Hapana. Prolaktini, ndiyo homoni ya kutengeneza maziwa, ilipanda tangu ujauzito, ila projesteroni, homoni inayotoka kwenye kondo la nyuma, iliizuia isifanye kazi. Kondo likishatoka, projesteroni hushuka, na maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4. Utasikia matiti yamekuwa mazito. Hayo matone ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza, tafadhali usiyamwage! Mnyonyeshe mtoto mara 8 hadi 12 kwa siku. Akivuta, homoni nyingine, oksitosini, husukuma maziwa nje. Siku ya 4 ikipita matiti bado laini, au mtoto hakojoi, nenda hospitali haraka. Kipande cha kondo kikibaki ndani huchelewesha maziwa.