Jibu: Oksijeni 98 lakini mgonjwa anahema kwa nguvu

Salama mkuu. Unauliza kwa nini mgonjwa wako wa kisukari hapo wodini Kigoma anahema haraka na kwa kina ilhali kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni 98. Pima sukari kwanza, kisha ketoni (tindikali ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini) kwenye mkojo. Kinachosukuma pumzi hasa ni kaboni dayoksaidi na tindikali, na kile kidude hakivioni. pH ya damu (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ikienda chini ya 7.35, mapafu hutoa kaboni dayoksaidi kwa wingi ili kuipandisha. Sisi huku Tabora, bila kipimo cha gesi za damu, hunusa pumzi: harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi ni dalili ya ketoni. Sukari ikiwa sawa, fikiria malaria kali au figo. Na jamani, msimpe dawa ya usingizi eti atulie! Mwite daktari sasa hivi.