"Mkataba wa kijamii": nani kapatana na nani?

SWALI: Kila nikiandika "mkataba wa kijamii", mwalimu wangu anafuta na kuweka "mkataba wa jamii". Nani kati yetu yuko sahihi? (Mwanafunzi wa falsafa, Dodoma)

JIBU: Mwalimu wako ana sikio zuri, ila asikukate alama. "Wa jamii" hutaja wenye mkataba; "wa kijamii" hutaja aina yake, kama tusemavyo wa kibiashara. Neno lenyewe ni la Kiarabu, ukoo mmoja na kitabu na katibu, ingawa mkataba huu, yaani ile dhana ya wanafalsafa kwamba jamii na utawala wake vimetokana na mapatano ya watu, hakuna aliyepata kuuona umeandikwa. Chagua utakalo, maana kinachonikera kiko mbele kidogo.

Ni hiyo "kati ya". Kila kukicha nasoma: "Serikali imevunja mkataba wa kijamii kati yake na wananchi, kama alivyofundisha Hobbes." Hobbes! Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes wa Leviathan, kitabu cha 1651, miaka miwili baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao! Kwake yeye, watu hupatana wao kwa wao, kila mmoja na mwenzake, kwamba haki ya kujitawala wanamwachia mtawala. Mtawala mwenyewe hayumo katika mapatano. Hakuahidi kitu, atavunja nini? Hobbes alilipanga hivyo makusudi, ili asitokee mtu wa kumwambia mtawala "umevunja mkataba". Na mwandishi wetu anamwita huyo huyo aje kumtolea ushahidi.

Haya, mkimbilie John Locke, mwanafalsafa mwenzake. Huyo, mwaka 1689, anawaruhusu watu kuiondoa serikali, lakini hata kwake serikali imekabidhiwa amana tu. Wacheza upatu hupatana wao kwa wao. Kijumbe akitoweka na fedha, twasema kala amana. Neno tunalo, fupi, tamu, nasi tumelitelekeza. Naye mwanafalsafa Rousseau, katika kitabu chake cha 1762, ana sura nzima ya kukanusha kwamba kuundwa kwa serikali ni mkataba. Sura nzima!

Kama "kati ya" imekuganda mkononi, shahidi wako yupo: Bunge la Uingereza, Januari 1689, lilimshutumu Mfalme James wa Pili kwa kuvunja mkataba wa asili baina ya mfalme na watu. Wataje wabunge hao, umwache Hobbes. Wanasiasa nimekwisha kuwasamehe, kwani wao hata ilani ya uchaguzi huiita mkataba. Wewe unayesoma falsafa, bado.