Kwa Mama Anayesubiri Muujiza Krismasi Hii

Mwanangu akitaja jina lake, mtu wa kwetu Mwanza huuliza palepale: "Na Kulwa yuko wapi?" Hana nia mbaya. Usukumani pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, kwa hiyo ukimwona Doto unamtafuta mwenzake. Doto amejifunza tangu chekechea kujibu bila kigugumizi: "Amelala Misungwi, kwa babu." Mimi mamaye ndiye jibu hilo lilinichukua muda mrefu kulitamka.

Walizaliwa Desemba 20, 2019, mimba ikiwa na wiki 31. Kulwa alikuwa na gramu 1,150, Doto 1,400. Daktari hakutuzungusha: mapafu ya Kulwa yalikuwa machanga sana. Na Krismasi ndiyo hiyo, kila redio inaimba habari za mtoto aliyezaliwa. Nikaona hii si bure, Mungu ana jambo. Nikamwambia: Kulwa akifika Krismasi, nitajua umenisikia.

Dada yangu unayesoma haya ukiwa na mgonjwa wodini, au umesubiri mtoto mwaka wa saba huu, nakuomba usifanye nilivyofanya. Usimpangie Mungu tarehe. Omba, tena omba kwa kutaja jina, omba hata ukiwa na hasira. Lakini siku yenyewe mwachie, kwa sababu ikipita utadhani ulifanyiwa mtihani ukafeli.

Jioni ya tarehe 24, kama saa kumi hivi, muuguzi aliona pumzi za Kulwa zinapungua. Akaniuliza kama sisi ni Wakatoliki. Muda wa kumtafuta padre haukuwepo. Kanisa linaruhusu mtu yeyote kubatiza anayekaribia kufa, mradi kuwe na maji, nia ya kubatiza na maneno yale: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Alimimina maji ya kunywa kwenye kifuniko cha chupa, kifuniko cha bluu, akayapitisha taratibu kwenye kipaji kisichozidi upana wa vidole vyangu viwili. Kulwa akakunja uso kwa ubaridi wa maji. Alifariki kabla ya saa moja usiku.

Asubuhi ya Krismasi mume wangu na shemeji walimpeleka Misungwi kumzika. Sikwenda. Nilikuwa na Doto kifuani. Kama hujawahi kuiona njia ya kangaruu, ni hivi: mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa wima kati ya matiti yako, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha mnafungwa pamoja kwa khanga. Joto lako ndilo joto lake. Madaktari waliianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunza. Usiku na mchana unakaa hivyo. Unakamua maziwa kwenye kikombe, anapewa kidogokidogo kwa mpira unaopita puani. Unahesabu pumzi mpaka unasinzia ukihesabu.

Siku ya tisa mizani iliongezeka gramu 20. Wodi nzima ilipiga vigelegele, hata mama ambaye wake alikuwa amepungua. Ninapoambiwa nichague kati ya sala na hospitali, huwa nakumbuka gramu zile 20. Niliziomba kwa rozari, na nilizipata kwa khanga, maziwa na wauguzi wasiolala. Sijui pa kuzigawa, na sitaki kuzigawa.

Tuliporudi nyumbani jumuiya ilikuja kushukuru. Mungu ametenda muujiza, Doto amepona! Nilitaka kuitika amina ikakwama kooni. Kama Doto alipona kwa imani yangu, Kulwa alikufa kwa nini? Mama alikuwa mmoja, sala moja, rozari ileile. Jirani mmoja, kwa upendo kabisa, akaninong'oneza kwamba pengine moyoni nilikuwa na shaka. Neno hilo lilinila kwa miezi. Ndugu zangu, msimwambie mfiwa hivyo. Zakaria alikuwa kuhani, alisimama mbele ya malaika Gabrieli akashindwa kumsadiki, akawa bubu kwa ajili hiyo, na bado Elisabeti alimzaa Yohana. Shaka ya mzee yule haikumzuia mtoto kuzaliwa. Yangu ilikuwa na nguvu gani?

Jirani huyohuyo alitaka nimpeleke Doto kwenye mkutano wa mafuta ya upako. Nilikataa kwa sababu ya kawaida tu: mtoto hakuwa amefika kilo mbili na tulikatazwa msongamano. Kisha tukasikia ya Moshi: Februari 1, 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakiwahi kukanyaga mafuta. Nililia sana siku ile, maana njaa iliyowakimbiza naijua, niliishi nayo wodini. Wachungaji wa Bethlehemu nao walikwenda kwa haraka, Luka anasema. Lakini ishara waliyopewa ilikuwa mtoto mchanga kwenye hori. Mtu aliweza kuikaribia na mtoto wake mgongoni bila kuogopa. Ukialikwa mahali muujiza unapogombewa, au unapolipiwa, baki nyumbani na mgonjwa wako.

Kilichoniinua kilikuja siku nne baada ya Kulwa kufariki, nikiwa bado wodini. Padre alileta komunyo kwa wagonjwa. Ilikuwa Desemba 28, siku Kanisa linapowakumbuka Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa na Herode akimtafuta mtoto Yesu, akatusomea Injili ya siku hiyo katika Mathayo. Habari hiyo nilifundishwa tangu komunyo ya kwanza, lakini nilikuwa sijaisikia nikiwa mama. Malaika alimwonya Yosefu ndotoni, wakakimbilia Misri. Wazazi wengine wa Bethlehemu hawakuota kitu. Mathayo hasemi walikosa imani, wala hatoi sababu. Anamleta Raheli akiwalilia watoto wake, asiyekubali kufarijiwa, "kwa kuwa hawako". Padre alifunga kitabu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, hakuhubiri. Akaniuliza majina yao. Yote mawili.

Bado naamini miujiza. Naamini Bikira alichukua mimba, naamini kaburi lilikuwa tupu, na najua atakayeniamshia Kulwa. Nilichoacha ni kuihesabu miujiza kama mshahara wa mwenye imani kubwa. Yesu mwenyewe alikuwa na miaka kama thelathini alipofanya ishara ya kwanza, pale Kana. Miaka yote ya nyuma Maria alikuwa anateka maji na kupika, na Mungu alikuwa ndani ya nyumba.

Misa ya Watoto Mashahidi kwetu huwa asubuhi na mapema, na watu ni wachache kwa sababu wengi bado wamechoka na sikukuu. Mimi hukaa benchi la tatu upande wa pango la Krismasi, Doto huwa anasinzia mapajani. Kama nawe una Kulwa wako, njoo ukae. Hutaulizwa kitu zaidi ya jina lake.