Shangazi, mbwa wangu wawili wanataka kuuana

Shikamoo Shangazi. Tunaishi Morogoro na tuna mbwa wawili, wote madume. Simba ana miaka mitano. Bobi tulipewa na shemeji akiwa mdogo, sasa ana mwaka mmoja na nusu. Walikuwa wakilala banda moja bila shida, lakini siku hizi wanapigana mpaka damu, hasa nikitoa chakula au mtu akigonga geti. Juzi mwanangu alijaribu kuwaamua, akang'atwa mkono. Baba Neema anasema fahali wawili hawakai zizi moja, tuwaache wapigane mpaka mmoja anyooke. Mama mkwe anataka Bobi afungwe mnyororo. Mimi nawapenda wote. Nifanyeje? Mama Neema.

Marahaba, mwanangu. Nianze na mtoto, maana hukusema kama alipelekwa hospitali. Kama bado, mpeleke leo, hata kama kidonda kinakauka na hata kama mbwa ni wenu. Jeraha la mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha daktari ndiye anayeamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Nenda na kadi za chanjo za mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, ndiyo maana sitaki usubiri.

Sasa hao wawili. Bobi hajaharibika, amekua. Mbwa dume akishavuka mwaka mmoja huanza kukataa kumpisha aliyemtangulia, na Simba alizoea kupishwa. Lakini hilo la kuwaacha wamalizane silikubali hata kidogo. Aliyeshindwa leo hanyooki. Kesho anaweza kuanza yeye kwa woga, na kila pigano linafanya linalofuata liwe jepesi kuzuka. Mnyororo nao hapana. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia mwenzake akimfuata, na akikaa hivyo siku nzima anazidi ukali.

Watenganishe leo hii. Gawa banda kwa mbao, au jenga la pili, hata la mabati. Ulinzi wa usiku wapeane zamu: Simba leo, Bobi kesho. Chakula kila mmoja ale kwake mlango ukiwa umefungwa, na usitoe bakuli mpaka amalize. Mifupa ndiyo mibaya zaidi, usiitupe uani kabisa. Mtu akigonga geti, wafungie mbwa kila mmoja bandani kwake kwanza ndipo ufungue geti, kwani mbwa aliyepandwa na hasira akashindwa kumfikia mgeni humgeukia aliye karibu naye.

Jifunze kuona dakika ile ya kabla. Mbwa anakakamaa, mkia unasimama wima, manyoya ya mgongoni yanainuka, au mmoja anaweka kidevu juu ya bega la mwenzake na wote wananyamaza. Ukimya huo ndio wa kuogopa. Hapo mwite mmoja kwa sauti ya kawaida, umtoe. Akinguruma usimpige, anakuonya. Ukimzoesha kunyamaza, siku nyingine atang'ata bila kukuarifu.

Wakishashikana, mkono wa mtu usiingie kati, wala usishike shingo. Wamwagie ndoo ya maji, au sukuma ubao katikati yao. Ikishindikana, watu wazima wawili washike miguu ya nyuma, kila mtu mbwa wake, wawavute kinyumenyume kwa wakati mmoja. Fimbo huwaongezea moto. Baadaye papasa chini ya manyoya, kwa sababu tundu dogo la jino huwa na kina kirefu na hutunga usaha.

Mwite daktari wa mifugo. Amkague Simba kwanza, kwani jino bovu au sikio linalouma humfanya mbwa asivumilie kuguswa. Kisha mzungumze habari ya kuwahasi. Najua wanaume wengi hawapendi kusikia neno hilo, wakidhani mbwa ataacha kulinda. Mbwa aliyehasiwa bado anabweka na bado analinda. Kinachopungua ni hamu ya kugombea majike, ingawa huchukua wiki kadhaa, na mazoea ya kupigana hayaondoki kwa kisu peke yake. Ndiyo maana mabanda yabaki mawili.

Wakitulia, watoeni matembezi barabarani, kila mmoja na kamba yake na mtu mzima wake, wakitembea sambamba kwa umbali bila kutazamana usoni. Punguzeni umbali polepole, siku hadi siku. Mtoto asipewe kazi hii.

Zungumza na Baba Neema mkiwa wawili tu, usimpinge mbele ya mama yake. Mwonyeshe mkono wa mtoto, umwombe akupe miezi michache ya kujaribu haya.

Na kama damu bado inamwagika, Bobi aende kwenye nyumba isiyo na dume mwingine. Shemeji aambiwe mapema, asije akasikia kwa majirani. Huyo atakayemchukua mweleze wazi kwamba Bobi anapigana na madume wenzake, na umkabidhi kadi yake ya chanjo.