Vikundi vya wanawake na uhai wa mtoto mchanga: majibu kwa wasomaji

Swali: Sisi ni akina mama wa Kibosho wenye kikoba kinachokutana kila Jumamosi. Mwaka jana tulimwalika muuguzi wa zahanati akatufundisha utunzaji wa mtoto mchanga, tukaandika hadi madaftari yakajaa. Masika yaliyofuata, kitongojini mwetu walizikwa watoto wawili ambao hawakufikisha hata wiki moja. Mama zao hawakuwa wanachama wetu. Je, ni kweli kwamba vikundi vya wanawake hupunguza vifo hivi, au ni maneno ya miradi tu?
*Katibu wa kikundi, Kibosho*

Jibu: Poleni sana kwa misiba hiyo. Ni kweli, lakini si kila kikundi. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, kati ya mwaka 2001 na 2003, watafiti walilinganisha maeneo yenye vikundi vya wanawake na yasiyo navyo. Palipokuwa na vikundi walifariki watoto wachanga 26 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai. Kwingine walifariki 37. Mikutano ile haikuongozwa na wauguzi bali na wanawake wa hapo hapo waliopewa mafunzo, na kazi yao haikuwa kuhutubia. Kila mwezi waliwauliza wenzao ni jambo gani linaloondoa uhai wa watoto kijijini, na ni lipi kati ya hayo wanaloweza kulifanyia kazi wenyewe. Waliokaa mbali na barabara wakatengeneza machela, wengine wakaanzisha mfuko wa dharura, wengine wakahakikisha vifaa safi vya kujifungulia vinapatikana, kisha wakarudi kukaa na kupima kama yale waliyoyapanga yametendeka.

Muuguzi wenu alitimiza wajibu wake. Hata hivyo, hakuna daftari linaloweza kuwaambia kama njia ya kutoka migombani hadi barabara ya gari inapitika usiku wa mvua, ni jirani yupi mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa, wala ni nani mwenye kauli ya kuruhusu mkwe apelekwe hospitali wakati mume yuko Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Hayo mnayajua ninyi, na nadhani hamjawahi kuyaweka mezani.

Sentensi yenu fupi kuhusu mama wale wawili ndiyo iliyonishika zaidi. Kikoba kina hisa, faini na wadhamini, na mke kijana aliyeolewa juzi, ambaye hata fedha ya sabuni huiomba kwa mama mkwe, hana pa kuingilia, ilhali yeye ndiye mwenye mimba. Wanaofikiwa wakiwa wachache, matokeo hayaonekani: nchini Bangladesh njia hiyo hiyo ya Nepal ilijaribiwa kukiwa na kikundi kimoja kwa kila watu takriban 1,400, na vifo vya wachanga havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Vikundi vilipoongezwa hadi kimoja kwa kila watu takriban 300, vifo vilipungua kwa asilimia 38. Mwaka 2013 matokeo ya tafiti saba za Nepal, India, Bangladesh na Malawi yalipowekwa pamoja, ilionekana kwamba mahali ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walihudhuria, vifo vya wachanga vilipungua kwa takriban theluthi moja na vya akina mama kwa karibu nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hii, hasa kwa vijiji vyenye huduma hafifu.

Kwa hiyo ningewashauri mtenge Jumamosi moja ya kila mwezi ambayo daftari la hisa halifunguliwi kabisa, na wajawazito wote wa kitongoji waalikwe bila kiingilio, pamoja na mama wakwe zao. Anzeni na misiba ile miwili, iwapo wafiwa wataridhia: dalili ilionekana saa ngapi, nani aliambiwa kwanza, kwa nini safari ilianza ilipoanza. Msimruhusu mtu yeyote kumlaumu mama. Mfuko wa jamii mnao tayari. Amueni tu kwamba fedha ya kumkimbiza mzazi au mchanga hospitali hutoka usiku huo huo, bila riba wala kusubiri kikao, awe mwanachama au la.

Kikundi hakichukui nafasi ya mkunga. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anahitaji mtu mwenye ujuzi na kifaa ndani ya dakika moja, na hilo halipatikani kikobani. Na kazi bado ni kubwa: nchini mwetu Tanzania vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai kati ya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 na ule wa 2022, lakini vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 hadi 24 tu.

Swali: Nimelea watoto saba, wote kitovu nilikipaka samli. Sasa mkwe wangu ametoka hospitali akiwa na amri kwamba kisiguswe na chochote. Je, ni dharau?
*Bibi, Tarakea*

Jibu: Shikamoo, mama. Si dharau. Kidonda cha kitovu ni mlango wa vijidudu, na samli, majivu au kinyesi cha ng'ombe huweza kuviingiza mwilini, vikiwemo vya pepopunda. Kiachwe kikavu, nepi ifungwe chini yake. Kikitoa usaha, au ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu, mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mtori wako mkwe anauhitaji kuliko mtoto anavyohitaji samli.

Swali: Mke wangu ni mjamzito na anahudhuria kikundi. Sisi wanaume tunaruhusiwa?
*Baba mtarajiwa, Arumeru*

Jibu: Kiulizeni kikundi, vingi huwaita waume na wazee wanapofikia hatua ya kupanga, kwa kuwa fedha na ruhusa mara nyingi ziko kwenu. Wakati huo jifunze dalili hizi: mtoto hanyonyi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, mwili una joto kali au umepoa, amelegea, ana degedege, au viganja na nyayo vimekuwa vya njano. Ukiona hata moja, usingoje kupambazuke. Piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama, na mtoto asafiri akiwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kichwa.