Muulize kwanza kama alipigwa leza

Wadogo zangu mliokuja fildi, jana asubuhi nimemwona mmoja wenu anapima presha ya jicho, anaandika 13 kwenye kadi, namba nzuri, uso umechanua. Mgonjwa ana miaka 43, kaja kutaka miwani ya kusomea tu. Nikamuuliza kijana, "Umemuuliza kama aliwahi kufanyiwa leza ya macho, ile ya kuachana na miwani?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya ng'onda Pangani. Basi ngoja niandike, maana kusema nimechoka.

1. Acheni kuwaambia watu kuwa leza "inaondoa namba" ya miwani. Inaondoa nyama ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Konea ya kawaida katikati ina unene wa mikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na kidogo. LASIK, leza iliyozoeleka, inakata kifuniko cha kama 110, kisha leza inachonga takriban 12 kwa kila dayopta, yaani kila namba moja ya miwani, eneo likiwa milimita 6. Mtu wa -6 anachongwa 72. Kifuniko kinarudishwa mahali pake, lakini kubeba mzigo basi tena, kwa hiyo hesabuni kilichobaki chini yake: 358. Chini ya 250 hapaguswi, na madaktari wengi wanataka 300.

2. Tena mikroni hazilingani nguvu. Nyuzi za mbele zimesukana kama mkeka wa ukili. Za nyuma zimelala sambamba kama singa za mkonge uanikani. LASIK inakula mkeka. SMILE, aina nyingine ya leza, inachomoa kipande kupitia mkato mdogo, bila kifuniko, mkeka mwingi unabaki.

3. Presha. Goldmann, kile kipimo chetu cha presha, inabonyeza konea. Konea iliyopunguzwa inabonyea upesi, namba inasoma chini ya ukweli. Mnalijua hili, mmelifanyia mtihani. Hata mimi nililifanyia.

Miaka yangu ya mwanzo hapa Tanga alikuja mama mmoja wa Chumbageni, miaka 46, mcheshi, ananiita "mwanangu" tangu mlangoni. Mbali anaona 6/6 bila miwani, herufi za msahafu ndizo zinamkimbia. Nikampa +1.50. Presha 15. Nikachungulia neva ya jicho, kikombe, yaani shimo la katikati yake, 0.7, kubwa la kutia shaka. Mkono ulisita, wallahi ulisita, lakini nikaitazama ile 15 nikajiambia ndivyo alivyoumbwa. Nikaandika "kawaida", nikamsindikiza hadi nje.

Akarudi baada ya miaka miwili, magoti yana michubuko. Anajikwaa kwenye baiskeli zilizoegeshwa Ngamiani, anakosa vidato vya nyumbani kwake mwenyewe. Tukapima uwanda wa kuona: sehemu kubwa ya chini imeliwa, macho yote mawili. Hapo ndipo nikauliza swali la siku ya kwanza. "Mimi tangu shule nilivaa miwani kama vitako vya chupa, mwanangu, -8. Nikaenda kupigwa leza India." Hakuficha kitu. Sikumuuliza. Na leza ilimfutia miwani tu, jicho lilibaki refu vilevile, na jicho refu ndilo glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho, inalolipenda.

Neva ikifa haioti. Nilipomweleza, akanipa pole mimi. Eti nisijilaumu, kila kitu kina siku yake. Angenitukana ningelala.

4. Kijana anayefikicha macho kwa mzio, astigmatizimu (konea isiyo duara sawasawa) inapanda kila mwaka, kwenye retinoskopu, ile tochi ya kupimia miwani, kivuli kinafunga na kufungua kama mkasi: huyo msimwandikie barua ya leza, mwandikieni topografia, ramani ya konea, maana huenda konea yake ni dhaifu na inachongoka.

5. Lenzi za kubandika zivuliwe siku za kutosha kabla ya vipimo vya leza, zinaipinda konea. Na msiniulize "siku ngapi" wakati mnayo kwenye daftari.

Yule mgonjwa wa jana nimemuuliza mwenyewe. Alifanyiwa Nairobi, macho yote. Neva ya kulia siipendi. Kadi yake iko mezani kwangu, anarudi leo saa nne. Kijana, ukimaliza chai uje na matone ya kupanua mboni.