Ni kweli nililipwa nikiwa kitandani, lakini sikilizeni nilivyolipwa

Ndugu zangu,

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniuliza, mbele ya ukoo mzima katika kundi letu la simu, kama ni kweli kwamba huku Marekani mtu akiugua serikali humlipa mshahara akiwa amelala kitandani. Kabla sijamjibu, dada yangu akaongeza swali lake: kama nilikaa nyumbani wiki 10 nikilipwa, ilikuwaje ada ya muhula wa pili ikachelewa? Maswali yote mawili ni ya haki. Nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa sababu jibu fupi la ndiyo au hapana lingewapotosha, na zaidi lingempotosha kijana anayejiandaa kuja.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililomliza mama. Nilipomwambia kwamba nimeomba mafao ya ulemavu wa muda mfupi, alisikia neno ulemavu peke yake, akaamini kwamba nimekatwa mguu na ninamficha. Katika sheria ya California, ninakoishi, neno hilo halina maana tunayoipa sisi. Maana yake ni kwamba kwa siku nane au zaidi huwezi kufanya kazi yako ya kawaida kwa sababu ya ugonjwa, jeraha, upasuaji au ujauzito, na kwamba daktari ameyathibitisha hayo kwa maandishi. Mama mjamzito asiye na tatizo lolote huhesabiwa humo, kwa kawaida kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua hadi wiki sita baada yake, au nane akijifungua kwa upasuaji. Mimi nilivunjika kifundo cha mguu. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani, kuwainua, kuwageuza na kuwaogesha, na hakuna awezaye kumwinua mzee kutoka kitandani akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Sasa fedha zinatoka wapi? Hili ndilo ninaloomba mlishike kuliko mengine yote. Serikali haikunipa sadaka. Kwenye hati yangu ya mshahara, kila malipo, upo mstari wenye herufi CASDI, na hapo hukatwa sehemu ya jasho langu kwa ajili ya bima ya ulemavu ya jimbo: asilimia 1.1 mwaka 2024, asilimia 1.2 mwaka 2025. Kwa mshahara wangu wa dola 800 kwa wiki, kabla ya makato, mwaka jana huo wa 2025 ilikuwa karibu dola 10 kila wiki, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikiutazama mstari ule kwa uchungu bila kujua ni wa nini. Nilipoanguka nilirudishiwa kutoka katika mfuko niliouchangia mwenyewe, pamoja na mamilioni ya wafanyakazi wengine. Asiyeuchangia hana cha kudai, hata awe mgonjwa kiasi gani.

Wala msidhani kwamba Marekani nzima iko hivyo. Rhode Island ndiyo iliyotangulia, mwaka 1942, California ikafuata mwaka 1946, kisha New Jersey na New York, na hadi leo majimbo yenye utaratibu huu ni machache. Hata hayo hayafanani. New York humlipa mfanyakazi nusu ya mshahara wake, lakini isizidi dola 170 kwa wiki, kiasi ambacho katika jiji la New York hakilipi hata chumba. Texas, ambako mpwa wangu anatamani kwenda, jimbo halina bima ya namna hii kabisa: huko utaipata ikiwa mwajiri ameamua kuitoa, au ukijinunulia mwenyewe kwa kampuni ya bima kabla hujaumia. Ile ya serikali kuu, ambayo wengi huitaja bila kuijua, ni kwa ajili ya mtu ambaye hali yake inatarajiwa kumzuia kufanya kazi kwa angalau miezi 12 au kumfikisha mautini. Kifundo kilichovunjika hakifiki huko.

Niliteleza kwenye ngazi za jengo ninamoishi, Jumapili ya tarehe 11 Mei 2025, nikiwa nimebeba nguo za kufua. Inanibidi niwaeleze mahali nilipoangukia kwa sababu mahali huamua mlango utakaobisha. Ningeangukia nyumbani kwa mzee ninayemhudumia, nikiwa kazini, ningekuwa chini ya bima nyingine inayolipiwa na mwajiri kwa majeraha ya kazini, yenye fomu zake na madaktari wake. Kwa kuwa nilianguka siku ya mapumziko, mlango wangu ulikuwa ule wa jimbo, unaosimamiwa na idara inayoitwa EDD.

Jumatatu ya tarehe 12 ndiyo iliyohesabiwa kuwa siku yangu ya kwanza ya kutoweza kazi. Siku saba za mwanzo hazilipwi. Huitwa kipindi cha kungojea. Nilizifunika kwa siku tano za likizo ya ugonjwa ambazo mwajiri wa California analazimika kumpa mfanyakazi kwa mwaka, na hapo akiba hiyo ikaisha. Maombi yenyewe hayawasilishwi kabla siku tisa hazijapita, wala hayacheleweshwi kupita siku 49. Nilijaza sehemu yangu kwa kompyuta tarehe 21 Mei, nikapewa namba ya risiti, nikaipeleka siku iyo hiyo kwenye kliniki niliyotibiwa ili daktari ajaze sehemu yake, kwa sababu bila cheti cha daktari maombi hubaki karatasi tu.

Hapo ndipo nilipoumia mara ya pili. Kliniki ile ilikaa na namba yangu siku 22. Nilipiga simu, nikaambiwa daktari amekwishajaza. Nikapiga tena, nikaambiwa mhusika wa fomu yuko likizo. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe kwa magongo, nikakaa kwenye kiti cha mapokezi hadi alasiri, na tarehe 12 Juni fomu ikatumwa mbele ya macho yangu. Sikuwa na ugomvi na yeyote pale. Niliona tu kwamba kwao ilikuwa karatasi moja kati ya mamia, na kwangu ilikuwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo namwambia yeyote atakayefikwa na haya: siku unayofungwa plasta, kabla hujatoka mlangoni, uliza jina la mtu anayejaza fomu za ulemavu, liandike, na umpigie yeye, si mapokezi.

Fedha za kwanza ziliingia Jumanne ya tarehe 24 Juni. Hesabu mwenyewe: zaidi ya wiki sita tangu nianguke, na katika muda wote huo kodi, bima ya gari na simu havikuwa na habari ya mguu wangu.

Kuhusu kiwango, nitasema ukweli hata kama unaharibu malalamiko yangu. Kiwango kilikuwa kizuri. Jimbo huangalia mishahara ya miezi 12 ya nyuma. Kwangu, kwa kuwa maombi yalianza Mei, ilikuwa mishahara ya Januari hadi Desemba 2024. Huchukua robo ya mwaka uliyopata zaidi, na tangu Januari 2025 mtu wa kipato kama changu hulipwa asilimia 90. Robo yangu bora ilikuwa dola 10,400, yaani 800 kwa wiki, nikalipwa 720. Mafao hayo hayakukatwa kodi ya mapato, hivyo kilichonifikia mkononi hakikuwa pungufu ya mshahara wangu baada ya makato. Miaka ya nyuma ilikuwa asilimia 60 hadi 70, na waliougua wakati huo walibanwa kuliko mimi. Mafao yanaweza kuendelea hadi wiki 52 ikiwa daktari anaendelea kuthibitisha, na anayeomba hahitaji kuwa raia.

Basi kwa nini nilikwama? Kwa sababu sikuwa nikiishi kwa dola 800. Sijawahi kuwaambia hili. Kwa miaka miwili nilikuwa nafanya kazi ya pili mwishoni mwa wiki, kumtazama mzee mmoja nyumbani kwake, na familia yake ilinilipa dola 300 taslimu, mkononi, bila hati wala makato. Niliifurahia mno fedha ile kwa sababu ilikuwa kamili. Ndiyo iliyokuwa inalipa ada na dawa za mama. Nilipovunjika, ilikuwa kama haijawahi kuwapo. Hakuna mstari uliokatwa, kwa hiyo hakuna kumbukumbu, kwa hiyo mafao yalikokotolewa kana kwamba mwisho wa wiki nilikuwa nalala. Kisheria, familia inayomlipa mhudumu wa nyumbani dola 750 au zaidi katika robo ya mwaka inapaswa kumkata na kuwasilisha mchango huu. Mimi nilijua kidogo, wao nadhani walijua kidogo kuliko mimi, na sote tuliona nafuu kunyamaza. Nafuu hiyo niliilipa mimi peke yangu.

Mpwa wangu, wewe umeahidiwa kazi ya taslimu na yule rafiki yako. Naelewa inavyovutia: dola 20 zikiwa 20, badala ya 16 na senti. Wapo pia watakaokuita mkandarasi wa kujitegemea, hasa katika udereva wa programu za simu, na hapo hakuna anayekukatia mchango. Itabidi uombe mwenyewe kujiunga kwa hiari, na ninaowafahamu mimi wameanza kuulizia wakiwa tayari wamelazwa. Uliza swali hili kabla ya kuuliza mshahara: je, nitapewa hati ya malipo yenye makato?

Kuna jambo jingine lililokaribia kuniponza. Nilidhani kulipwa mafao na kulindiwa kazi ni kitu kimoja. Sivyo. EDD hulipa tu. Haimzuii mwajiri kukuondoa. Ulinzi wa kazi hutoka katika sheria nyingine ya likizo, ambayo kwa California humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi, na mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi, na likizo hiyo, ya hadi wiki 12, inaombwa kwa mwajiri mwenyewe, mbali na fomu za mafao. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na miezi saba tu alipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Mafao alilipwa yote, lakini aliporudi nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nikaandika barua wiki ya kwanza kwa ushauri wake, na tarehe 21 Julai nikarudi kwa mzee wangu yule yule.

Katika wiki zile kuna aliyenishawishi nikakae kwa yule mzee wa mwisho wa wiki hata na plasta, nilipwe mkononi huku mafao yakiingia. Nilikataa, na sijuti. Ukifanya kazi ukificha huku unalipwa kwa kutoweza kazi, huo ni udanganyifu unaodaiwa pamoja na adhabu, na mgeni hana nafasi ya kuchezea jambo kama hilo.

Dada, sasa nakujibu wewe. Tarehe 24 Juni niliingiziwa malimbikizo ya wiki tano, dola 3,600. Kodi ya Juni niliyokuwa nadaiwa na ya Julai iliyokuwa inabisha hodi zilichukua 1,900. Rafiki aliyenikopesha chakula na usafiri nilimrudishia 600. Kliniki ilinidai 350 zisizolipwa na bima ya afya. Simu na bima ya gari, 240. Zikabaki 510, na kesho yake nikawatumia 300, ambazo ni zile ulizozipokea na kuniuliza kwa nini ni kidogo. Sikukujibu siku ile kwa sababu sikutaka mama ajue kwamba nilikuwa nimekaa zaidi ya wiki tano bila kipato. Iliyobaki ya ada niliimalizia Agosti, kutoka mshahara wa kwanza kamili.